Mwenye Nyumba Anamfia Mpangaji

Mwanamke tuliyemwita Kamusi alifanya kosa moja tu la maana katika miaka ishirini na sita ya kutafsiri karatasi za watu, na kosa hilo lilimpa mzee wa watu tarehe ya kufa. Nalisema mapema, asije mtu akadai nimemficha. Nampenda kama dada yangu wa kuzaliwa, na kwa sababu hiyo sitampamba.

Mimi ni mchonga mihuri. Chumba chetu cha kazi ni kimoja: yeye upande wa dirisha na mashine yake ya kupiga chapa, ambayo baadaye ilikuja kuwa kompyuta, na mimi upande wa mlango na vipande vyangu vya mpira na visu vyembamba. Mimi nachonga herufi kinyume ili watu wazisome sawa. Yeye huwasomea watu yale ambayo hata yakiandikwa sawa hawawezi kuyasoma: barua za mahakama, za bima, vyeti, mikataba, barua za watoto waliokwenda mbali wakajifunza kuandikia wazazi wao kwa lugha ya wenyeji wa huko. Mtu huingia na karatasi kaikunja mara nane, akaketi, akaifungua taratibu kana kwamba anafungua bendeji, na Kamusi akamsomea.

Kiingereza chake hakukipata chuoni. Alikaa miaka kumi na moja katika ofisi ya bima akinakili barua ambazo mwanzoni hakuelewa hata neno, mpaka asubuhi moja akajikuta anaelewa, ghafla, kama mtu aliyezibuka masikio. Nilimuuliza kama alifurahi. Akasema aliogopa, maana barua aliyokuwa anaipiga wakati huo ilikuwa ya kumnyima mjane haki yake, na akatambua kuwa za namna hiyo alikwisha kuzipiga mamia. Akaacha kazi mwezi uleule. Mume alikuwa naye, dereva wa malori, aliyeaga kwamba anakwenda safari ya siku tatu, na safari yenyewe hadi leo haijaisha. Watoto hakujaliwa. Alikuwa na kazi yake na msemo wake mmoja: "Mimi siongezi, sipunguzi."

Msemo huo haukuwa wa mdomoni tu. Niliwahi kumwona akimsomea mama mmoja barua ya mwanawe iliyosema, neno kwa neno, msinitafute tena. Mimi kule mlangoni nilimkonyeza, nikimaanisha dada, lainisha kidogo, mama wa watu huyu. Hakulainisha. Alisoma mpaka jina la mwisho, akaikunja barua, akamshika yule mama mkono akakaa naye saa nzima. Ndiyo maana watu walimwamini. Wanaokubembeleza ni wengi, ila wa kukwambia lilivyo ni wa kutafuta kwa tochi.

Sasa aje huyo mzee. Alikuwa fundi bomba mstaafu, na mtaa mzima ulimwita Mzee Bomba, jina ambalo alilifurahia kwa maana zake zote mbili. Alikuwa na miaka sitini na minane, amefiwa na mkewe, anaishi na binti yake mshona mapazia katika nyumba aliyoijenga mwenyewe, nyumba yenye mabomba mengi kuliko inavyohitaji. Chumba cha nyuma kilichotazama ua kilikuwa kitupu, akampata mpangaji, fundi miwani. Huyu alikuwa mtu mpole wa sauti ya chini, ambaye ukimsalimia anakutazama machoni muda mrefu kidogo kuliko inavyopendeza. Nadhani ni kazi yake. Alipenda mambo yake yawe kwenye maandishi, kwa hiyo akamwendea wakili, na wakili akatoa mkataba wa kurasa nne, Kiingereza kitupu.

Mzee akauleta kwetu asubuhi, peke yake.

"Soma wote, mwanangu," akamwambia Kamusi. "Hata nukta usiiruke."

Kamusi akasoma akitafsiri papo hapo, kidole chini ya mstari, kama desturi yake. Mwenye nyumba ni fulani. Mpangaji ni fulani. Kisha kidole kikasimama. Mimi nikainua kichwa, kwa sababu kidole cha Kamusi hakikuwa na tabia ya kusimama.

"Kwa hati hii," akasema, "mwenye nyumba anamfia mpangaji katika chumba cha nyuma, kwa muda wa miaka saba."

"Hebu rudia."

Akarudia, na hakubadilisha hata silabi.

Neno lililomsimamisha lilikuwa demises. Kamusi alilijua neno hilo, au alijiona analijua. Alikwisha kulikuta mara nyingi kwenye salamu za rambirambi, bila ile herufi ya mwisho, na kila mara lilikuwa kifo na si kingine. Hapa amelikuta limegeuzwa kitendo, na mbele yake kuna neno la kuonyesha kwamba kitendo kinamwendea mtu. Basi kufa, kukimwendea mtu, ni kumfia. Kwa sarufi huwezi kumkamata popote. Neno lina maana nyingine, ya mawakili, na hiyo hakuijua. Kitabu chake cha maneno kilikuwa pale kwenye rafu, mkono ungekifikia bila yeye kuinuka. Hakukigusa, maana mtu hatafuti kitu alichokishika mkononi.

"Yaani nitakufa?" mzee akauliza.

"Ndivyo ilivyoandikwa, mzee wangu."

"Wakili kajuaje?"

"Mawakili wana mambo yao."

Mzee akaitazama karatasi, akamtazama Kamusi. "Na hiyo miaka saba, nitakufa katikati yake au ikiisha?"

Kamusi akasoma mstari tena. Mstari haukusema. Nilimwona akiupima, jinsi mtu anavyopima uzi kabla ya kuukata. "Ikiisha," akajibu. "Mwezi wa tisa, tarehe tatu."

Hilo halikuandikwa. Hilo aliliongeza yeye, yule asiyeongeza wala kupunguza, kwa sababu mzee alikuwa anangoja jibu na yeye hakuzoea kukosa jibu.

Mzee akahesabu kwa vidole, akaanza kutabasamu. "Sabini na tano! Baba yangu hakufika hamsini. Mimi bomba nilikuwa natoa dhamana ya mwaka mmoja tu, na huyu wakili ananipa saba? Lete kalamu."

Alitia saini kwa mbwembwe, na mimi nikacheka mpaka kisu kikanikata kidole. Sikuona ubaya wowote. Ilikuwa kichekesho cha asubuhi, na nikadhani ikifika mchana kitakuwa kimesahaulika.

Mwaka mmoja baadaye, tarehe tatu ya mwezi wa tisa, mzee akatokea mlangoni kwetu amechana nywele vizuri. Hakuketi. "Imebaki sita," akasema kwa sauti ya mtu anayetaja saa, akaenda zake. Kamusi aliendelea kupiga chapa, ila nikaona amekosea herufi tatu mfululizo.

Mwaka wa pili: "Imebaki mitano." Mwaka wa tatu alianguka kutoka juu ya paa la ghorofa mbili, alikopanda kumrekebishia jirani tangi la maji. Nilikuwepo. Tulisikia kishindo, vumbi likatimka, na watu wakakimbilia pale wakiwa na maneno ya msiba tayari mdomoni. Mzee akainuka, akajipukuta, akaokota kofia yake. "Bado minne," akasema. Hakuna aliyeshangilia. Watu walirudi nyuma hatua moja, wote kwa pamoja, na mimi nikiwa mmoja wao.

Tangu siku hiyo mtaa ukaanza kumwona kwa jicho jingine. Kinyozi alimnyoa bila kuzungumza. Watoto waliokuwa wakimtania wakaacha. Yeye mwenyewe alizidi kuwa mtulivu, na utulivu wake ndio uliotisha. Alivuka barabara bila kutazama upande wowote. Homa ilipolaza nusu ya mtaa aliwahudumia watu nyumba kwa nyumba, akilisha wagonjwa kwa mkono wake, na haikumgusa. Akinunua viatu aliuliza kama vitafika mwezi wa tisa wa mwaka fulani, na visivyozidi hapo ndivyo alivyochukua, kwani vya kudumu sana aliviona ni upotevu.

Kisha akaja mwanamke mpiga pasi. Huyu alikuwa amefiwa na binti wa miaka tisa, na asubuhi ya siku ya kifo alikuwa amemgombeza. Alimfuata mzee uani kwake, akakaa kwenye benchi, akasema kwa sauti ya chini, "Mzee, ukifika huko, mwambie mwanangu yale maneno ya asubuhi sikuwa nayo moyoni."

Mzee hakucheka wala hakumfukuza. Akaingia ndani, akatoka na daftari la mraba-mraba, akaandika. Akamsomea ili ahakikishe. "Ndivyo?" "Ndivyo, baba."

Ndani ya mwezi mmoja benchi likawa na foleni. Watu walimletea mzee salamu za wazazi, za waume, za ndugu waliokufa hawasemezani, naye akaziandika zote kwa mwandiko wake mnene wa fundi, kila moja na jina la anayetuma na la anayetumiwa. Uani kwake palikuwa mahali pa ajabu pa kukaa. Fundi miwani alikuwa amepanga kazi zake kwenye rafu zilizokabili dirisha, safu juu ya safu, na miwani mia mbili mitupu ilikutazama wakati unanong'ona.

Najuaje? Na mimi nilikwenda. Nina kaka yangu aliyekufa akinidai radhi. Nilimpa mzee maneno yangu, akayaandika, akanisomea, nikasema ndivyo. Nilirudi kazini mwepesi, na Kamusi akaniuliza nilikuwa wapi. Nikamwambia nilikwenda kununua wino.

Alijua. Alikuwa akipita nyuma ya nyumba ile kila jioni na kuiona foleni. Siku moja nilithubutu kumwambia, "Dada, hebu litazame tena lile neno."

"Neno nalijua," akanijibu bila kugeuka.

Mwaka wa sita alikuja binti wa mzee, yule mshona mapazia, sindano mbili bado zimechomekwa kifuani. Akasimama mbele ya meza ya Kamusi akilia kwa hasira.

"Shangazi, baba kaniandikia nyumba. Kabadilisha hati yote, jina lake halimo tena. Anasema anataka aondoke mikono mitupu. Daktari kamwambia moyo wake hauna taabu yoyote, naye anamjibu hayo hayamhusu. Ana afya kuliko mimi! Mtu anaweza kufa kwa sababu kaambiwa?"

Kamusi alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. "Sijui, mwanangu," akasema. Kwa miaka yote tuliyokaa pamoja hilo ndilo neno ambalo sikuwahi kulisikia kinywani mwake.

Ukafika mwaka wa saba. Wiki tatu kabla ya tarehe yenyewe, fundi miwani akataka kuongeza muda, na wakili akatengeneza hati mpya. Nyumba sasa ilikuwa ya binti, kwa hiyo mwenye nyumba kwenye karatasi alikuwa binti. Mambo yalikuwa yamebadilika pia huko kwa mawakili: hati hii ilikuwa na safu mbili, kushoto Kiingereza, kulia Kiswahili, ili mtu asome mwenyewe.

Mzee na binti yake waliingia kwetu asubuhi na mvua mabegani. Mzee alikuwa anatetemeka. Huyu ni mtu aliyeanguka ghorofa mbili akaokota kofia. Akaiweka ile hati mezani, nakala tatu, akagonga kidole safu ya kushoto.

"Hili hapa," akasema. "Kiingereza sikijui, ila neno hili nimelitazama miaka saba, nalijua kama ninavyoijua sura yangu. Hili ni lile lile. Limewekewa binti yangu. Na tazama huku kulia walivyoandika: mwenye nyumba anampangishia mpangaji. Wamelificha! Mimi waliniandikia peupe, wewe ukanisomea. Huyu mtoto wanamficha. Kamusi, mwanangu, wewe huongezi wala hupunguzi. Msomee."

Kamusi akavuta karatasi. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akarudi kushoto. Safari hii mkono ulikwenda kwenye rafu. Akafungua kitabu chake, akashuka na kidole ukurasani, akapita maana ya kwanza, akapita ya pili, akafika ya tatu iliyochapwa kwa herufi ndogo kabisa. Akakaa pale. Binti alikuwa amemshika baba yake mkono, na mvua ikipiga mabati, na mimi nikatamani niwe popote pengine duniani.

"Mzee wangu," akasema. "Neno hili si kufa. Ni kupangisha. Mawakili hulitumia hivyo, kumkabidhi mtu nyumba au ardhi kwa muda. Halikuwa kufa hata siku ile. Nilikosea. Nisamehe."

Mzee akamtazama kwa huruma. Hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

"Kupangisha," akarudia polepole. "Si ndiyo hiyo hiyo? Nimepangiwa miaka saba. Na mwanangu sasa anapangiwa."

"Hapana, mzee. Kupangisha chumba. Chumba tu."

"Unanionea uchungu," mzee akasema. "Umeona mimi ni mtu mzima nimekubali, ila huyu mtoto unamlainishia. Hujawahi kumlainishia mtu. Usianze leo, nakuomba."

"Baba, shangazi anasema kweli," binti akadakia. "Hata wakili kaandika."

"Wakili!" Mzee hakumtazama hata kidogo. Alikuwa anamtazama Kamusi tu. Akachukua nakala moja kati ya zile tatu, akaigeuza, akaisukuma mbele yake, akaweka kidole kwenye mstari mtupu wa mwisho. "Kama neno hili ni kupangisha chumba, tia saini yako hapa. Pale pa mwenye nyumba. Jina lako kamili."

Kwa sheria karatasi hiyo isingekuwa na maana yoyote. Kamusi hana chumba cha kumpangishia mtu, naye ni mpangaji kama mimi. Ungekuwa mchezo tu. Alikuwa ameiona maana kwa macho yake sekunde chache zilizopita, kitabu bado kiko wazi mezani. Akachukua kalamu, akaifikisha kwenye mstari, na mkono ukakataa.

Uligoma hapo, nukta moja juu ya karatasi. Niliona misuli ya kiganja ikijikaza. Haikuwa zaidi ya pumzi tatu, lakini mzee aliziona zote, na binti aliziona, na mimi niliziona, na katika pumzi hizo tatu tuliamini sote wanne.

"Umeona?" mzee akanong'ona. Akanyoosha mkono kumchukua binti yake waondoke.

Kamusi akatia saini. Aliandika jina lake kamili, ambalo hata mimi sikuwa nimeliona likiandikwa, akaliwekea tarehe. Halafu akanigeukia. "Muhuri wangu," akasema. Nikampelekea. Akaugonga kwa nguvu mpaka kidau cha wino kikaruka.

"Haya," akamwambia mzee. "Kama ni kufa, ni kwangu."

Mzee alikaa akiitazama ile saini muda mrefu. Kisha akaanza kulia, taratibu, na akamwambia binti yake atie yake kwenye nakala zilizobaki. Binti akatia.

Tarehe tatu ya mwezi wa tisa mtaa haukufanya kazi. Hakuna aliyesema tusifanye, ila maduka yalifunguliwa nusu mlango na watu walizungumza chinichini. Mzee alikaa uani kwake kwenye benchi kuanzia asubuhi, amevaa safi, daftari mapajani. Jua likapanda, likashuka. Fundi miwani alitoka, akamtazama machoni kwa muda wake ule mrefu, akarudi ndani. Hakikutokea kitu.

Kesho yake saa tatu akaja kwetu. Nilitaka kumpongeza, ila uso wake ulinifunga mdomo.

"Nimeamka," akasema, na safari hii aliketi. "Kamusi, miaka saba sikuogopa kitu. Leo nimesimama barabarani robo saa, nimeshindwa kuvuka. Kijana wa dukani ndiye aliyenishika mkono."

"Nisamehe, mzee wangu."

"Sikulaumu. Kuteleza si kuanguka." Akaweka daftari mezani. "Ila hizi za watu? Salamu mia tatu na kumi na mbili. Niliwaambia zitafika. Nizipeleke wapi?"

Mzee akangoja kidogo, akalichukua daftari lake, akaondoka akishikilia ukuta.

Bado yu hai. Ana miaka sabini na saba na anaogopa mvua, ngazi, mbwa na chumvi. Binti yake ananiambia usingizi wake ni mfupi kama wa mtoto mchanga. Watu wachache walikwenda kudai maneno yao, akawararulia kurasa. Wengi hawakwenda. Mimi pia sikwenda. Ningemwambia nini, nirudishie radhi zangu?

Na Kamusi? Anafanya kazi kama kawaida, ila sasa hufungua kitabu kwa kila neno, hata yale ambayo mtoto wa shule anayajua, na wateja wanalalamika kwamba amekuwa mzito. Ile nakala aliyotia saini hakuichana. Nilimuuliza kwa nini, akaniambia, "Maana yake naijua, kuliko hata wakili. Akili inajua. Mkono huu ndio usiojui." Tangu hapo jioni namsindikiza mpaka barabara kubwa, na tukivuka natembea upande wa magari. Namwogopea. Neno halimaanishi kufa, nilimsikia akilieleza kwa masikio yangu, na namwogopea vilevile.

Wiki iliyopita, saa nne asubuhi, mpiga pasi aliingia. Hakuwa na karatasi yoyote mkononi. Akaketi kwenye kiti cha wateja, akakunja kanga yake mapajani.

"Nikusaidie nini, mama?" Kamusi akauliza.

"Nimesikia ulitia saini."

Kamusi akasita. "Mama, neno lile ni kupangisha chumba. Nilikosea mimi. Hakuna lolote kwenye ile karatasi."

"Najua, mwanangu. Tumesikia wote." Alisema kwa upole, kama mtu anayemkubalia mgonjwa. "Lakini wewe ukifika, mwambie binti yangu yale maneno ya asubuhi sikuwa nayo moyoni. Kwa mzee yamekaa bure."

Nilitega sikio, nikingoja amkatalie. Ndiye mtu pekee ninayemjua ambaye angeweza kumkatalia. Nilisikia kiti kikisogea, kisha nikasikia karatasi ikiingizwa, si kwenye printa, kwenye ile mashine ya zamani ambayo haijaguswa miaka mingi.

"Sema taratibu, mama," Kamusi akasema. "Sitaongeza, sitapunguza."

Akapiga chapa, akamsomea. Yule mama akasema ndivyo, akamshika mkono, akatoka akinipita mlangoni bila kuniona. Nje kulikuwa na jua kali na watu wakienda na shughuli zao. Nikaweka kisu chini, nikanawa wino mikononi, nikavuka mpaka upande wa dirisha, nikaketi kwenye kiti cha wateja.